Aresta isiyopimwa ni kikombe kitupu

MSIMU wa mvua unapokaribia katika nyanda za Mbulu na Hanang, mkulima huangalia mbegu na mwenye mashine ya kusaga huangalia ghala. Ni wachache wanaoinua macho kutazama nguzo ya transfoma, ambako vipo vifaa vitatu vidogo, kimoja kwa kila waya wa laini. Vifaa hivyo ndivyo vinavyoamua kama kijiji kitakuwa na umeme siku moja baada ya radi au kitakaa gizani kikisubiri transfoma nyingine.

Kifaa hicho ni kikinga radi cha laini ya umeme, ambacho mafundi wanakiita aresta. Wiki hii ukurasa wa soko unakiangalia kama bidhaa: nani anakinunua, nani anakiuza, na hasa kinapimwaje kabla fedha hazijabadilisha mikono. Tumechukua Gehandu, jina linalojulikana katika wilaya zote mbili za Mbulu na Hanang, kama mfano wa mahali ambapo hasara ya aresta mbovu inafika moja kwa moja kwenye mfuko wa mfanyabiashara mdogo.

Soko lenyewe limekua. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ukaanza kazi mwaka 2007. Tangu hapo laini za msongo wa kilovolti 33 zimesambaa katika vijiji ambavyo zamani vilijua taa ya chemli na jenereta ya dizeli tu. Kila mahali laini hiyo inaposhuka kwenye transfoma panahitajika aresta tatu. Makandarasi wanazinunua, wauzaji wa vifaa vya umeme wanaziagiza, na wateja wakubwa wenye transfoma zao wenyewe wanazihitaji vile vile.

Tatizo ni kwamba aresta ni bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuijua kwa macho. Nzuri na mbaya zinafanana kama mayai. Tofauti inaonekana siku ya radi, na siku hiyo muuzaji hayupo.

HESABU YA RADI

Tuanze na ukubwa wa adui. Radi ya kawaida hubeba mkondo wa ampea kama 30,000 hivi, na zipo zinazozidi hapo mara kadhaa. Radi ikitua juu ya waya wa laini, mkondo hugawanyika na kukimbia pande zote mbili, ampea 15,000 kila upande. Laini ya angani hulizuia wimbi la namna hiyo kwa kiasi cha omu 400 hivi. Zidisha 15,000 kwa 400 upate volti 6,000,000.

Sasa linganisha na uwezo wa transfoma. Transfoma nyingi za kilovolti 33 hutengenezwa zihimili wimbi la ghafla la kilovolti 170, yaani volti 170,000. Kati ya milioni sita na laki moja na elfu sabini hakuna mashindano. Hata radi ikipiga ardhini karibu na laini bila kuigusa, huweza kuamsha kwenye waya wimbi la kilovolti 100 au 200, na hilo nalo linatosha kuleta madhara.

Je, laini hupigwa mara ngapi? Wahandisi wanayo kanuni ya kukadiria. Tuseme eneo fulani linapigwa na radi mara moja kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Laini yenye waya ulio mita 10 kutoka ardhini itapigwa mara kama 11 kwa mwaka katika kila kilometa 100. Radi zikiwa tano kwa kilometa ya mraba, mapigo yanakuwa zaidi ya 50. Kanda ya Maziwa Makuu ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana duniani. Eneo la Kabare, mashariki mwa Kongo, limehesabiwa na setilaiti kuwa na miali zaidi ya 200 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka, ikiwa ni pamoja na ile inayobaki mawinguni bila kufika ardhini. Nyanda za Manyara hazifiki huko, lakini laini ndefu iliyokatiza uwanda ulio wazi ni shabaha kubwa popote ilipo.

Laini kubwa za Gridi ya Taifa, kama ile ya kilovolti 220 kutoka Singida kupitia Babati hadi Arusha, huwa na waya wa ziada juu ya minara ili upokee radi badala ya nyaya zenye umeme. Laini ya kijijini ya kilovolti 33 juu ya nguzo za mbao kwa kawaida haina waya huo. Tegemeo lake ni aresta.

KILICHOMO NDANI

Ndani ya kifuko cha mpira mgumu au cha kauri, aresta ya kisasa ina visahani vilivyopangwa kama sarafu. Visahani hivyo vimetengenezwa kwa oksidi ya zinki iliyochanganywa na madini mengine na kuchomwa tanuruni. Uwezo wake wa ajabu uligunduliwa nchini Japani, katika kampuni ya Matsushita, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo aresta zilitumia silikoni kabaidi pamoja na mianya ya hewa, na katika nchi nyingi bado zipo za aina hiyo zilizozeekea juu ya nguzo.

Kazi ya visahani ni kama ya mlinzi anayejua sura za wenyeji. Umeme wa kawaida ukiwepo, mlango unabaki umefungwa, na mkondo unaovuja ni mdogo sana. Msongo ukipanda ghafla, mlango unafunguka, mkondo wa radi unateremka ardhini, kisha mlango unajifunga tena. Yote hayo hutokea ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, na mwenye mashine hata taa yake haizimiki.

Msongo unaobaki kwenye aresta wakati radi inapita ndiyo namba ya kwanza ambayo mnunuzi anapaswa kuiuliza. Kwa aresta ya kilovolti 30 inayopitisha ampea 10,000, namba hiyo huwa karibu kilovolti 80 hadi 90. Toa 90 katika 170 za transfoma, inabaki akiba ya 80. Hiyo ndiyo faida unayoinunua.

VIPIMO VYA AINA TATU

Viwango vinavyotumika duniani kwa aresta hizi ni vya Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme (IEC), namba 60099-4. Vilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2014. Ndani yake vipo vipimo vya aina tatu, na mfanyabiashara asipovitofautisha ataonyeshwa karatasi ya kimoja akadhani ameona vyote.

Cha kwanza ni kipimo cha muundo. Hiki hufanywa mara moja kwa kila muundo mpya, katika maabara kubwa kama KEMA ya Arnhem, Uholanzi, au CPRI ya Bangalore, India. Sampuli hupigwa kwa radi ya kutengenezwa. Mkondo wa kawaida wa jaribio hupanda hadi kileleni katika sehemu 8 za milioni za sekunde na kushuka hadi nusu katika sehemu 20. Aresta ya daraja la ampea 10,000 hupigwa pia kwa mkondo mkali wa ampea 100,000, kisha hutazamwa kama inapoa au inazidi kupata joto hadi kuungua. Kwa msomaji wetu jambo la kukumbuka ni hili: cheti cha kipimo hiki kinazungumzia sampuli iliyopigwa maabara miaka kadhaa iliyopita. Hakizungumzii mzigo ulio kwenye kontena lako.

Cha pili ni kipimo cha kila siku kiwandani. Humo hukaguliwa msongo wa rejea, yaani pale mlango wa aresta unapoanza kufunguka, pamoja na msongo unaobaki. Hukaguliwa pia kama kifuko kimeziba vizuri unyevu usiingie, na kama kuna cheche za ndani zinazozidi kiwango. Kiwanda chenye heshima kina daftari la vipimo hivi na hakioni taabu kulitoa.

Cha tatu ndicho kinachomhusu zaidi mwenye fedha. Ni kipimo cha kupokea mzigo, kinachofanywa mbele ya mnunuzi au mwakilishi wake. Hakimo katika bei hivi hivi. Hufanywa pale tu mnunuzi alipokitaja katika mkataba. Asipokitaja, kiwanda hakidaiwi chochote, na mzigo unaondoka bila kuguswa.

KANUNI YENYE FAIDA KWA WANAOUNGANA

Ni aresta ngapi zipimwe? Viwango vinasema: tafuta kipeo cha tatu cha idadi uliyoagiza, kisha shuka hadi namba kamili iliyo chini yake. Waliokisahau kipeo cha tatu cha shuleni wakumbuke kwamba 5 mara 5 mara 5 ni 125. Kwa hiyo ukiagiza aresta 125, zipimwe 5. Ukiagiza 27, zipimwe 3. Ukiagiza 1,000, zipimwe 10 tu.

Hapo pana somo la biashara. Mwenye kuagiza 27 anapima moja katika kila tisa. Mwenye kuagiza 1,000 anapima moja katika kila mia. Mzigo mdogo unabeba gharama kubwa ya upimaji kwa kila kipande, na ndiyo sababu waagizaji wadogo wengi wanaona ni afadhali waache.

Tuchukue wauzaji wanne, wa Babati, Katesh, Singida na Arusha. Kila mmoja akiagiza 125 peke yake, vipimo ni 5 kwa kila mzigo, jumla 20, tena katika safari nne za ukaguzi. Wakiungana kuagiza 500 kwa pamoja, kipeo cha tatu ni 7 na ushee. Vipimo ni 7 na safari ni moja. Sharti ni kwamba mzigo uwe kweli wa kundi moja la uzalishaji, wala usiwe mchanganyiko wa mabaki ya ghalani, kwa kuwa vipimo saba haviwezi kusema lolote kuhusu makundi manne tofauti.

Tangu mwaka 2012 Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limekuwa na utaratibu wa kukagua ubora wa bidhaa huko huko zinakotoka kabla hazijapakiwa melini. Utaratibu huo unawasaidia waagizaji, lakini haufuti umuhimu wa kuandika vipimo vyako mwenyewe katika mkataba. Cheti cha kuingiza bidhaa nchini na uhakika wa kila kundi la aresta ni mambo mawili tofauti.

MTEGO WA MEGA

Wauzaji wengi wakiulizwa kuhusu upimaji hutoa mega, kile kifaa cha kupimia ukinzani wa vikombe na nyaya. Huunganisha volti 5,000, mshale unaonyesha maelfu ya megaomu, na mnunuzi anaondoka akiwa ameridhika.

Mega ina kazi yake. Ikionyesha ukinzani mdogo, kuna unyevu ndani na aresta hiyo haifai. Lakini ikionyesha ukinzani mkubwa, haijathibitisha kwamba ndani mna visahani vinavyofanya kazi. Chukua kifuko kitupu, kisicho na kisahani hata kimoja, ukipime kwa mega. Kitafaulu vizuri kuliko aresta halali! Kikombe kitupu nacho hakipitishi umeme. Mega inajua kama mlango umefungwa, haijui kama utafunguka.

Ili kujua kama utafunguka, lazima upandishe msongo hadi mkondo uanze kupita. Hilo hufanywa kwa mashine ya msongo mkubwa. Zipo za kubebeka za umeme wa mkondo mnyoofu zinazofika kilovolti 60, na hizo hutosha kwa aresta nyingi za laini ya kilovolti 33. Fundi hupandisha msongo taratibu hadi mkondo ufike miliampea moja, anaandika namba aliyoipata, kisha anashuka hadi robo tatu ya msongo huo na kuangalia mkondo unaovuja. Kwa kipimo kinachotumika sana nchini China, aresta nzima haitakiwi kuvujisha zaidi ya sehemu 50 za milioni za ampea hapo. Namba ikiwa juu kuliko ile ya kiwanda, au mkondo usipopita kabisa, jibu limepatikana.

Kazi hiyo ni ya hatari na ni ya fundi aliyesomea, katika chumba kilichozungushiwa uzio. Lakini ni kazi ya dakika chache kwa kila aresta, na mashine moja inaweza kuhudumia wauzaji wa mji mzima kwa malipo ya kipande kimoja kimoja. Kwa mwenye mtaji wa kati katika mji kama Arusha au Babati, hiyo ni huduma inayostahili kupigiwa hesabu.

NAMBA TATU ZA KUSOMA KWENYE KIBAO

Namba ya kwanza ni msongo wa aresta yenyewe. Laini ya kilovolti 33 haimaanishi aresta iandikwe 33. Waya mmoja ukianguka chini, msongo wa zile mbili nyingine hupanda. Katika mfumo ulioungwa vizuri na ardhi kwenye kituo cha kupozea umeme, aresta ya kilovolti 30 kwa kawaida hutosha. Katika mfumo usioungwa hivyo huhitajika kubwa zaidi. Muuzaji asibuni, aulize wahandisi wa eneo kabla ya kuagiza. Aresta ndogo mno hulipuka siku ya hitilafu ya kawaida, hata mbingu ikiwa nyeupe.

Namba ya pili ni daraja. Tangu marekebisho ya 2014, aresta za usambazaji zinaandikwa DH kwa ampea 10,000, DM kwa ampea 5,000 na DL kwa ampea 2,500. Bei ya DL ikilinganishwa na ya DH inaweza kuonekana kama nafuu kubwa, kumbe ni bidhaa mbili tofauti. Cha rahisi ni ghali.

Namba ya tatu haimo kwenye kibao, nayo inaihusu Gehandu hasa. Viwango vya kawaida vinahesabu kwamba aresta itafungwa mahali pasipozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya nyanda za Mbulu na Hanang iko juu ya mita 1,500. Hewa ya huko ni nyepesi, na hewa nyepesi huruhusu cheche kuruka nje ya kifuko kwa urahisi zaidi. Kadirio la kawaida ni kupoteza kama asilimia 1 ya uwezo kwa kila mita 100 zinazozidi 1,000. Visahani vya ndani haviathiriki, ila kifuko cha nje kinapaswa kuwa kirefu zaidi. Aresta iliyofaa Dar es Salaam haifai lazima Gehandu, na mwagizaji anayeandika kimo cha mahali katika oda yake amejiepusha na ugomvi wa baadaye.

MITA MOJA YA WAYA

Tuseme sasa aresta ni halali na imepimwa. Bado inaweza kushindwa kwa sababu ya jinsi ilivyofungwa.

Wimbi la radi linapopita kwenye waya, kila mita ya waya huo hujiongezea msongo wake. Kwa wimbi linalopanda ampea 10,000 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, mita moja huongeza kama kilovolti 10. Rudi kwenye hesabu yetu. Aresta inabakiza 90 na transfoma inahimili 170. Waya wa kuunganisha ukiwa mita 3, transfoma inaona 120, na akiba ni asilimia 42 juu ya mzigo. Waya ukiwa mita 6, transfoma inaona 150, na akiba imeshuka hadi asilimia 13. Wahandisi hushauri isipungue asilimia 20. Hakuna kilichobadilika ila urefu wa waya, na waya wenyewe ni wa senti chache.

Kosa kubwa zaidi ni ethi. Mguu wa aresta unatakiwa uungwe na bodi ya transfoma kwa njia fupi, kisha vyote viwili viteremke ardhini. Mguu ukipelekwa peke yake hadi kwenye fimbo ya chini bila kuunganishwa na bodi, hesabu inaharibika. Ardhi yenye ukinzani wa omu 10, ambao watu wengi huuhesabu kuwa mzuri, ikipokea ampea 10,000 hupandisha kilovolti 100. Ardhi kavu au ya mawe yenye omu 50 hupandisha kilovolti 500. Msongo huo wote unajumlishwa juu ya transfoma.

Kwa hiyo kipimo cha ethi nacho ni sehemu ya kupima aresta. Kifanywe wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa imekauka, kwa kuwa namba nzuri ya mwezi wa Machi inaweza kuwa mbaya mwezi wa Oktoba, na radi za mwanzo wa msimu hukuta ardhi bado kavu. Vile vile wizi wa nyaya za shaba za ethi si jambo geni. Aresta iliyoibiwa waya wa chini ni sawa na mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli.

UMEME UMERUDI, KINGA IMEKWISHA

Aresta hufa pia, ama kwa radi iliyozidi uwezo au kwa unyevu. Nyingi za usambazaji zina kipande cha chini kinachofyatuka ikifa, ili waya wa ethi uachane nayo na laini iweze kurudishiwa umeme. Ukitazama kutoka chini unauona waya unaning'inia.

Hapa ndipo hasara nyingi zinapoanza. Umeme umerudi, mashine inasaga, watu wamesahau. Kumbe moja ya zile aresta tatu haipo tena kazini, na radi inayofuata itakuta mlango wa transfoma uko wazi. Mwanakijiji asipande nguzo wala kugusa kitu chochote, kwani vifaa hivyo ni vya TANESCO na msongo wake unaua. Lakini kutazama hakukatazwi. Kamati ya wenye mashine inayotazama nguzo yao baada ya kila radi kubwa na kutoa taarifa mapema inafanya kazi ya thamani kuliko kulalamika baada ya transfoma kuungua.

Kwa wakaguzi wa laini zipo njia mbili zaidi: kamera ya joto, inayoonyesha aresta yenye joto kuliko wenzake wawili, na kifaa cha kupima mkondo unaovuja bila kuzima laini. Zote mbili hufanya kazi vizuri pale tu kumbukumbu za miaka iliyopita zimehifadhiwa.

HESABU YA MWENYE MASHINE

Tuweke sasa shilingi mezani. Tuseme mwenye mashine anasaga magunia 20 kwa siku na kulipwa Sh 5,000 kwa gunia. Mapato ni Sh 100,000 kwa siku. Transfoma ikiungua na kijiji kikikaa siku 14 bila umeme, mapato yaliyopotea ni Sh 1,400,000, kabla ya kuhesabu wateja waliohamia kijiji cha pili na mota iliyoungua pamoja. Weka tarakimu zako mwenyewe, hesabu itabaki ile ile. Kisha zidisha kwa mashine zote, saluni, mafriji ya dawa na maduka ya vinywaji yanayotegemea transfoma hiyo hiyo. Hasara ya kijiji ni kubwa kuliko bei ya aresta tatu na ya kuzipima.

Aidha, mwenye mashine asidhani aresta ya juu ya nguzo inamkinga yeye moja kwa moja. Ile inakinga transfoma. Wimbi linaweza kuingia kwa njia ya nyaya za volti 400 na 230 kati ya nguzo na jengo. Huko anahitaji kikinga kidogo kwenye bodi yake, kilichotengenezwa kwa viwango vya IEC 61643-11, kikafungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, pamoja na ethi yake iliyopimwa. Bila ethi, hicho nacho ni pambo.

Kuhusu bima, mikataba ya kawaida ya moto hutaja radi pia. Hata hivyo mingi haifidii mota au kifaa kilichoungua kwa sababu ya wimbi la umeme peke yake. Soma kifungu hicho kabla ya kutia saini, au uliza kwa maandishi.

USHAURI WA WIKI

Kwa muuzaji na mkandarasi: andika kipimo cha kupokea mzigo ndani ya mkataba, taja kimo cha mahali, omba mwaka wa kutengenezwa na namba ya kundi juu ya kila kipande, na ungana na wenzako ili gharama ya vipimo ipungue. Mwenye daftari la vipimo atauza kwa bei ya juu kidogo, lakini ndiye mkandarasi atakayemrudia, kwa sababu aresta iliyoungua ndani ya muda wa dhamana inambidi mkandarasi arudi tena Hanang kwa gharama yake.

Kwa mwenye mtaji anayetafuta pa kuuweka: usiutazame uagizaji pekee. Waagizaji watazidi kuongezeka na faida yao itazidi kubanwa. Kipimo cha ethi, kamera ya joto na mashine ya msongo mkubwa, vikiwa mikononi mwa mafundi wenye leseni, vinaweza kuuza huduma kila mwaka kabla ya mvua kwa viwanda, migodi midogo, hospitali na mashamba yenye transfoma zao.

Kwa mwenye mashine wa Gehandu: pima ethi yako sasa, kabla ya mvua. Kisha itazame nguzo. Ukiona waya unaning'inia chini ya mojawapo ya vile vifaa vitatu, toa taarifa siku hiyo hiyo, wala usingoje radi ije kuthibitisha.